Mizio ya mtoto na mikono mingi inayomlisha

Unga wa lishe unaosagwa katika mashine za mitaani jijini Dar es Salaam huwa na mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya na karanga, na wale wanaotaka mtoto anenepe haraka huongeza ngano, mbegu za maboga na dagaa waliokaushwa. Uji ukishaiva hutiwa maziwa. Karanga, ngano, samaki na maziwa, vyote vinne vimo katika orodha fupi ya vyakula ambavyo Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, inavitaja kuwa chanzo kikuu cha mizio ya chakula duniani. Mtoto wa miezi saba anayepewa kikombe chake cha kwanza cha uji huo anakutanishwa na vyote hivyo kwa siku moja, na akivimba midomo hakuna mtu ndani ya nyumba anayeweza kusema ni kipi kilichomdhuru.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yetu, ambaye sasa ana miaka miwili na miezi minne. Alikunywa vijiko vinne. Kabla dada hajamaliza kumfuta mdomo, vipele vilikwisha kumzunguka midomo kama vile ameparuzwa na upupu, kisha akatapika, kisha akalala usingizi mzito ambao sisi, kwa kutojua, tuliufurahia. Bibi yake alisema ni meno. Jirani alisema ni jicho, kwamba mtoto alitolewa nje akiwa amependeza mno. Muuza dawa alisema ni joto na akatupa dawa ya maji ya kuzuia mwasho. Ilituchukua miezi minne na tukio la pili, safari hii la yai la kuchemsha, kabla neno mzio halijatamkwa mbele yetu na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Kwa yaliyotupata tangu siku hiyo, na kwa yale niliyojifunza baadaye kwa madaktari na kwa wazazi wenzangu, nimefikia msimamo mmoja ambao nataka kuutetea hapa. Mtoto mwenye mizio mingi anahitaji orodha ya vyakula vya kuepuka iliyo fupi kadiri uthibitisho unavyoruhusu, na watu wanaoijua orodha hiyo wanapaswa kuwa wengi kadiri inavyowezekana. Katika familia nyingi ninazozifahamu mambo yamegeuzwa: orodha ni ndefu kama ya mahari, na anayeijua ni mama peke yake.

Nianze na orodha. Mzio wa chakula hutokea pale mfumo wa kinga wa mwili unapoiona protini ya chakula cha kawaida kuwa adui. Mwili hutengeneza kingamwili za aina inayoitwa IgE, ambazo hujipachika kwenye seli maalumu za ngozi, utumbo na njia ya hewa, zikisubiri. Protini ileile ikirudi, seli hizo hufunguka na kumwaga kemikali zinazoleta vipele, uvimbe, kutapika, kukohoa, na katika hali mbaya kuporomoka kwa shinikizo la damu. Yote hayo huanza ndani ya dakika chache, mara chache sana yakapita saa mbili. Ipo pia mizio ya taratibu isiyopitia IgE, ambayo hujitokeza kwa kuharisha, kutapika au choo chenye damu saa nyingi au hata siku kadhaa baadaye. Kisha yapo mambo yasiyo mzio kabisa, kama tumbo kujaa gesi kwa mtu asiyeweza kusaga sukari ya maziwa. Wazazi wengi huyatia yote haya katika kapu moja kwa jina la aleji, na hapo ndipo orodha inapoanza kurefuka bila sababu.

Hurefushwa zaidi na vipimo. Binti yetu alipofikisha miezi kumi na mitatu tulimpeleka katika maabara moja ya jijini, akatolewa damu, na baada ya siku kadhaa tukakabidhiwa karatasi yenye majina ya vyakula kumi na saba, kila kimoja kikiwa na alama ya kujumlisha. Mlikuwamo ngano, mchele, maharage, kuku, ndizi, nyanya na machungwa. Aliyetukabidhi karatasi hakutuuliza mtoto alikuwa amekula nini na kilimfanya nini. Alisema tu, "Hivi vyote msimpe." Tulitii. Kwa miezi miwili mtoto aliishi kwa viazi vitamu, mchicha, tikiti maji na ziwa la mama yake, na kadi yake ya kliniki ikaonyesha ameshuka kutoka kilo 9.2 hadi kilo 8.5. Muuguzi aliyempima aliitazama kadi, akatutazama sisi, akauliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo la chakula. Lilikuwapo kweli, ila tulikuwa tumelileta sisi wenyewe kwa mikono yetu.

Jambo ambalo kila mzazi anastahili kuambiwa kabla ya kulipia kipimo ni kwamba kuonekana kwa IgE ya chakula fulani katika damu, au kipele kuvimba katika kipimo cha kuchoma ngozi, hakumaanishi kwamba mtoto ana mzio wa chakula hicho. Kunamaanisha kwamba mwili wake umekitambua. Kati ya kutambua na kudhurika pana umbali mkubwa, na katika nchi zetu umbali huo ni mkubwa zaidi. Watafiti waliowachunguza watoto wa shule nchini Ghana waliwakuta wengi wakiwa na IgE iliyoonekana kuwa ya karanga, ilhali wachache mno ndio ambao ngozi zao zilivimba walipochomwa. Maelezo waliyoyapata ni kwamba minyoo ya kichocho hubeba sukari zinazofanana na zile zilizo kwenye karanga, hivyo kipimo cha damu huvichanganya viwili hivyo. Mtoto aliyeogelea bwawani Mwanza au kwenye mifereji ya mpunga anaweza kukutwa na "mzio" wa kitu anachokila kila siku bila shida. Kama anakila na hadhuriki, hana mzio nacho, hata karatasi iseme nini. Na vipimo vile vinavyopima kingamwili za aina ya IgG, vinavyotangazwa sana mitandaoni kwa bei ya juu, havipimi mzio kwa namna yoyote ile. Vyama vya wataalamu wa mizio vya Ulaya na Marekani vimekwisha kusema visitumike.

Kipimo chenye neno la mwisho ni kumlisha mtoto chakula kinachoshukiwa, kidogo kidogo, kwa vipindi vilivyopangwa, ndani ya hospitali, dawa ikiwa imevutwa tayari na daktari yupo chumbani. Ni kazi ya nusu siku nzima na haipatikani kila mahali, lakini palipo na daktari wa watoto mwenye uzoefu huo, hapana sababu ya kuikwepa. Baada ya historia ya kila chakula kuulizwa kwa makini, na baada ya majaribio manne ya namna hiyo, vyakula kumi na saba vya binti yetu vilibaki vitatu: karanga, maziwa ya ng'ombe na mayai. Mama yake alilia pale pale kwenye benchi, na sidhani kama alililia vile vitatu.

Takwimu tulizo nazo barani ni chache, lakini zinaelekeza upande huohuo. Utafiti wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2019, uliochukua watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu bila kuwachagua na kuuthibitisha mzio kwa kuwalisha, ulikuta asilimia 2.5 wana mzio wa chakula mjini Cape Town, na asilimia 0.5 katika vijiji vya Eastern Cape. Yai ndilo lililoongoza, likifuatiwa na karanga. Maana yake ni kwamba mzio wa kweli upo kwetu Waafrika, hasa mijini, na wanaousema kuwa ugonjwa wa wazungu wamekosea. Lakini pia maana yake ni kwamba mtoto anayeambiwa ana mizio kumi na saba karibu daima ameambiwa jambo lisilo kweli. Katika nchi ambayo takwimu za afya za mwaka 2022 zilionyesha asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kumnyang'anya mtoto maharage, kuku na ndizi kwa sababu ya karatasi ya maabara ni kumtoa kwenye hatari ya kudhaniwa na kumtumbukiza kwenye hatari ya hakika.

Kuna ushauri mmoja ambao lazima niutaje kwa jina kwa sababu tumeusikia kutoka kwa watu wasiopungua ishirini, wakiwamo wahudumu wa afya wawili: mpeni maziwa ya mbuzi. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, kiasi kwamba zaidi ya watoto tisa katika kumi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhuriwa pia na ya mbuzi. Ya ngamia hufanana kidogo zaidi na ya binadamu, lakini hata hayo hayajaribiwi nyumbani. Chokaa ya mifupa, yaani kalisi, mtoto ataipata kwenye ulezi, ambao nafaka chache zinaufikia kwa jambo hilo, na kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, iwapo hana mzio wa samaki. Mafuta atayapata kwenye parachichi na kwenye tui la nazi, maana nazi, licha ya jina lake katika lugha nyingine, si ya ukoo wa karanga wala korosho, na wengi wenye mizio ya hivyo viwili huila bila tatizo. Nyama, maini, maharage na ndizi vilirudi sahanini, na katika miezi mitatu kadi ya kliniki ikapanda.

Sasa nije kwa mikono inayolisha, kwa kuwa hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Mkono mmoja haulei mwana, na kwetu mikono inayolea ndiyo hiyohiyo inayolisha. Mtoto wa miaka miwili katika mtaa wetu hula kwa mama yake asubuhi, kwa dada saa nne, kwa bibi mchana, na jioni hupita kwa jirani akiwa na kipande cha andazi mkononi ambacho hakuna anayejua kimetoka wapi. Siku ya shughuli hulishwa na watu hata thelathini. Ni neema, na sitaki kumfungia mtoto wangu nje yake. Lakini vitabu vya ushauri vilivyoandikwa kwa ajili ya nyumba ya baba, mama na mtoto mmoja huko Ulaya havikuufikiria ukarimu wa namna hii, na mzazi anayevifuata hujikuta akigombana na kila mtu anayempenda mwanawe.

Ugomvi wetu ulikuwa na bibi. "Mwanangu," alimwambia mke wangu, "mimi nimelea saba kwa karanga hizihizi, na wewe ukiwemo. Leo karanga imekuwa sumu?" Nilitaka kumjibu kwa haraka, na nashukuru sikufanya hivyo, kwa sababu sayansi imempa haki kwa sehemu kubwa. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe karanga mpaka wafikishe miaka mitatu. Ushauri huo uliondolewa mwaka 2008, na mwaka huohuo ukatoka ulinganisho wa watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israel: wale wa Uingereza, waliocheleweshewa karanga, walikuwa na mzio wake kwa asilimia 1.85, na wale wa Israel, wanaotafuna vitafunio vya karanga tangu wachanga, kwa asilimia 0.17. Kisha mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa London wakatoa matokeo ya jaribio lao kwa watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Waliokula karanga mapema na mara kwa mara walifika miaka mitano wakiwa na mzio kwa asilimia 3.2; waliozuiwa, asilimia 17.2.

Kwa hiyo mkono wa bibi, uliotia karanga kwenye uji wa mtoto wa miezi sita, ulikuwa ukifanya jambo ambalo madaktari walilirudia baada ya kuzunguka sana. Nilimweleza hivyo, na ninaamini kwamba kumpa heshima hiyo ndiko kulikomfanya asikilize yaliyofuata: kwamba kumzoesha mtoto kunazuia mzio usiingie, lakini kwa yule ambaye umekwisha kumwingia, kijiko hichohicho kinaweza kumuua. Mtoto mwenye pumu ya ngozi tangu miezi mitatu, kama alivyokuwa wetu, yuko katika hatari kubwa kuliko wenzake, na yeye ndiye anayepaswa kuonekana na daktari kabla ya karanga ya kwanza. Na kwa mtoto yeyote, vyakula hivi vianze kimoja kimoja, kila kimoja kikipewa siku zake. Uji wa mchanganyiko uje baadaye, vikiwa vyote vimekwisha kujulikana.

Bibi ndiye aliyetupatia neno. Tulikuwa tukihangaika kuwaeleza watu mzio ni nini, kingamwili ni nini, na wengi waliishia kutikisa kichwa na kumpa mtoto kipande kidogo "aonje tu". Siku ya arusi ya shemeji yangu, mama mmoja alipomnyooshea mtoto kashata ya karanga, bibi alisema, "Huyu karanga ni mwiko wake, na maziwa, na mayai." Yule mama akairudisha kashata kwenye sahani na wala hakuuliza swali. Waswahili na jamii nyingi za bara tunajua mwiko ni nini. Kuna koo zisizokula pundamilia, wengine hawagusi kambare, na hakuna anayewadai uthibitisho wala kuwaambia waonje kidogo. Neno hilo lilikuwa tayari limebeba heshima ambayo mzio, neno la hospitali, bado halijaipata. Najua daktari anaweza kulikataa kwa kuwa linachanganya mila na tiba, na najua pia kwamba mwiko wa mila hauna sindano yake. Hata hivyo kwa mtu aliyeshika kashata mkononi na sekunde mbili za kuamua, sijaona neno lililo bora zaidi.

Mwiko pia ni ule wa kusongea ugali, na huo nao una habari yake. Mwiko uliokoroga mchicha wa karanga, ukasuuzwa kwa maji ya kopo na kutumbukizwa kwenye sufuria la mtoto, umembebea karanga. Sisi tulinunua sufuria dogo, mwiko mfupi na kikombe cha rangi ya chungwa ambavyo havitumiki kwa kingine chochote, tukamwonyesha dada mara moja, na haikuhitajika hotuba. Mashine ya kusaga ilikuwa ngumu zaidi. Nilipeleka kilo mbili za ulezi safi, uliochambuliwa na kuoshwa nyumbani, nikamkuta kijana wa mashine akimalizia lishe ya mtu mwingine. Akagonga kwa nyundo ya mti pembeni mwa mashine, na kutoka kwenye mfuko wa kitambaa likadondoka vumbi la rangi ya maziwa lenye harufu ya karanga, labda kiganja kizima, juu ya beseni ambalo ulezi wangu ulikuwa unakwenda kuangukia. Aliponiona nikitazama akasema, "Mzee, hiyo ni kidogo, haina neno." Kwa wateja wake wote wengine alikuwa sahihi. Nilichukua ulezi wangu nikarudi nao nyumbani, na tangu hapo tunausaga wenyewe kwa mashine ndogo ya jikoni na kuuchekecha. Kuna wazazi wanaotanguliza kilo kadhaa za mahindi ya kuku ili kuisafisha mashine kwanza. Hupunguza, lakini kwa mtoto anayedhurika kwa chembe sitaiita njia salama.

Hapa serikali ina kazi. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na vifungashio vya viwandani vinatakiwa kuorodhesha viambato vyake. Unga wa lishe unaofungwa kwenye mifuko ya nailoni na kuuzwa dukani mtaani mara nyingi hauna zaidi ya picha ya mtoto mnene na namba ya simu. Kumtaka mfungashaji mdogo aandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ndani mna karanga, soya, ngano au maziwa hakumgharimu zaidi ya wino.

Na lipo suala la sindano. Binti yetu akiwa na miezi ishirini alipata karanga, hatukujua wapi, na tulipomfikisha kituo cha afya alikuwa amevimba macho, anakohoa kwa sauti ya kukwaruza na amelegea. Alipewa dawa ya mwasho na tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri robo saa, ambayo sitaki kuieleza, mpaka mganga mwingine alipoingia zamu, akamtazama mara moja na kuagiza adrenalini. Alichomwa pajani, upande wa nje, na katika dakika tano rangi ya uso ikarudi. Adrenalini iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni ya bei ndogo, na dozi yake kwa mtoto ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kwenye msuli. Dawa ya mwasho hutuliza vipele tu. Haifungui koo lililoziba wala hairudishi shinikizo la damu. Mzazi anayo haki ya kulitamka neno adrenalini mlangoni, kwa heshima lakini kwa sauti, na kumlaza mtoto badala ya kumtembeza, na kukataa kuondoka kituoni kabla ya saa kadhaa kupita, kwa maana dalili zinaweza kurudi mara ya pili. Kalamu za kujichoma adrenalini zinazotumika Ulaya ni nadra kuziona katika maduka yetu ya dawa, na bei yake ni mzigo. Basi kila zahanati iwe na chupa ndogo za adrenalini, na kila aliye zamu ajue kwamba hiyo ndiyo ya kwanza kushikwa.

Watoto wengi wenye mizio ya maziwa na mayai hupona wakikua. Kwa karanga ni karibu mmoja katika watano tu, na hilo tumelikubali. Mwezi ujao binti yetu atalishwa hospitalini yai lililookwa ndani ya keki, kwa sababu joto la muda mrefu hubadilisha protini ya yai, na wengi huivumilia hivyo kabla ya kuweza kula yai la kukaanga. Daktari ametutaka tuje na keki yetu, yai moja kwa vipande vinane, isiwe na maziwa. Bibi ameomba aioke yeye. Amekwisha kuniuliza mara mbili kama sufuria la kuokea linapaswa kuwa jipya.